Upepo wa Mbele, Mtu wa Nyuma

Naandika kutoka Cibitoke. Nasema Cibitoke ya Bujumbura, mtaa wa kaskazini mwa jiji, jirani na Mutakura na Kamenge. Si ile Cibitoke ya mpakani ambako wengi wetu tulipita tukitoka Kongo. Safari hii siandiki juu ya vita wala juu ya kusubiri. Nataka kuuliza swali la pikipiki, kwa sababu naona ndani yake kuna swali la watu.

Swali ni hili: kitu kinachonikinga mimi, kama kinamwongezea hatari mtu mwingine ambaye hajui, bado kinaitwa kinga?

Nieleze lilikotoka. Katika kikundi chetu cha vijana kuna wamotari kadhaa. Machi 2022, baiskeli, taksimoto na tuktuk zilipokatazwa kuingia sehemu za katikati ya jiji, kazi yao ilisogea pembeni. Wanapeleka abiria mitaa ya kaskazini, na wakibahatika kupata wa mbali wanashika barabara ya tambarare ya Imbo au wanapanda milima kuelekea Bugarama. Huko nje ya mji barabara inafunguka, na mwendo unapanda. Mmoja wao alinunua pikipiki ya zamani, Yamaha AG 100. Watu wa mashirika mnaijua vizuri hiyo, kwani imebeba maafisa wengi wa kilimo na wa chanjo kwenye njia za matope. Ni mashine ngumu, lakini hiyo ya kwake imeshazeeka. Akasema anataka kuifungia ngao ya mbele ya kukata upepo, ile wengine wanaita parabriza: kipande cha plastiki ngumu inayopitisha mwanga kwa juu, na kwa chini bidoni iliyokatwa, vyote vishikwe na vyuma vya kuchomelea.

Sababu zake ni za kweli. Kushuka kutoka Bugarama, penye mwinuko wa zaidi ya mita 2000, mpaka huku chini kando ya ziwa, asubuhi ya mvua, mtu anatetemeka mpaka vidole havisikii breki. Vumbi, wadudu, mawe madogo ya malori. Mtu anayepigwa na upepo kifuani siku nzima anachoka, na motari aliyechoka ni hatari kwake na kwa wengine. Asije mtu akasema kwamba anatafuta urembo tu.

Lakini mjadala ulipoanza, fundi mmoja mzee wa mtaani akauliza kitu kimoja: "Utaifunga wapi? Kwenye usukani au kwenye fremu?" Vijana wakacheka, wakaona ni swali la bolti. Mimi nimelifikiria muda mrefu, na sasa naona ndilo swali lote.

Kwanza tuelewe upepo wenyewe. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya upepo inaongezeka mara nne. Ukitoka kilomita 40 kwa saa kwenda 80, kifua kinasukumwa mara nne zaidi, na injini inadaiwa nguvu mara nane ili kuushinda huo upepo peke yake. Ndiyo maana injini ndogo inafika mahali inagoma hata ukizungusha mkono wote. Tena upepo unakusukuma juu, kifuani, si chini kwenye magurudumu. Unakuegemeza nyuma, na uzito unahamia gurudumu la nyuma. Ongeza abiria, ongeza gunia la mkaa au bidoni mbili za mawese, gurudumu la mbele linabaki jepesi.

Wepesi wa mbele una maana yake. Mmeona kile kitoroli cha dawa kwenye kituo cha afya, chenye magurudumu madogo yanayojizungusha. Ukikisukuma polepole, gurudumu linafuata vizuri. Ukikikimbiza, ghafla gurudumu moja linaanza kupiga kushoto na kulia, tatata, mpaka chupa zinagongana. Gurudumu la mbele la pikipiki nalo ni hivyo. Mahali tairi linapogusa barabara pako nyuma kidogo ya mstari wa mhimili wa usukani, ndiyo maana usukani unajinyoosha wenyewe ukiwa unakwenda. Ni zawadi nzuri hiyo. Lakini kama bering za usukani zimekwisha, spoku zimelegea, tairi limelika upande mmoja, na mbele ni pepesi, zawadi inageuka ugonjwa.

Magonjwa ni mawili. La kwanza ni usukani kutetemeka kwa kasi, mara nyingi ndani ya sekunde moja, mbele peke yake. La pili ni pikipiki nzima kuyumba kama nyoka, polepole zaidi, nyuma na mbele havikubaliani. Hili la pili linapenda mzigo mkubwa wa nyuma, na bushi zilizolika pale mkono wa gurudumu la nyuma unaposhikana na fremu. Pikipiki mpya ina yote mawili ndani yake, ila yamelala. Ya zamani yanalala kidogo tu.

Sasa leta ngao. Ukiifunga kwenye usukani, umeongeza uzito juu ya kitu kinachotakiwa kuwa huru. Na kila upepo wa pembeni, kila lori linalokupita, linaishika ngao na kuizungusha pamoja na usukani. Yaani upepo umepewa mkono wa kuendesha. Wewe unafikiri unaongoza, kumbe mko wawili. Ukiifunga kwenye fremu, upepo unasukuma pikipiki yote kwa pamoja, na mikono yako inabaki na kazi yake ya kurekebisha.

Hata kwenye fremu mambo hayajaisha. Wazee wetu waliotengeneza mishale waliweka manyoya nyuma, si mbele. Manyoya yakiwa nyuma, upepo unaunyoosha mshale. Yakiwa mbele, unaugeuza. Ngao kubwa ya mbele ni manyoya yaliyowekwa upande mbaya. Hili si wazo la Cibitoke tu. Katika mashindano ya Ulaya ya miaka ya 1950, pikipiki zilivalishwa maganda makubwa yaliyofunika hata gurudumu la mbele, kama pipa. Zilikimbia kweli, lakini upepo wa pembeni ukawa unazibeba. Shirikisho la kimataifa la pikipiki, FIM, likayakataza maganda hayo kuanzia mashindano ya 1958. Baadaye watu walijifunza. Mmarekani Craig Vetter alianza kuuza ngao yake ya Windjammer mwaka 1971, ya kuvisha pikipiki ambazo kiwandani hazikuwa nayo, na aliifunga kwenye fremu. Mwaka 1976 BMW ilitoa R100RS, ganda lake likiwa kwenye fremu na limechongwa kwa kupimwa ndani ya chumba cha upepo cha Pininfarina, Italia. Tuseme haki pia: Harley-Davidson tangu 1969 imeuza pikipiki zenye ngao iliyoshikwa kwenye foki. Lakini ile ni mashine nzito, na kiwanda kiliipanga na ngao yake pamoja. Hakuna aliyeipangia AG 100 iliyozeeka bidoni la njano.

Hapo sayansi inaishia, na swali langu linaanza.

Pikipiki nyingi za mtaani spidometa zake zimekufa. Sindano imelala kwenye sifuri miaka na miaka. Motari anajuaje mwendo wake? Anajua kwa upepo. Machozi yakianza kutoka, shati likianza kupiga kelele, mikono ikianza kuvutwa, mwili unamwambia: inatosha. Upepo ndiyo spidometa ya maskini. Siku unapofunga ngao, spidometa hiyo nayo inakufa. Nyuma ya plastiki kuna utulivu. Kilomita 80 inakuwa na sauti ya kilomita 50. Umepata raha, na barabara haijabadilika hata kidogo. Breki ni zilezile. Mwendo ukipanda mara mbili, nguvu ambayo breki zinapaswa kuiua inapanda mara nne, uwe na ngao au usiwe nayo.

Kwa hiyo naona ipo kinga ya namna mbili. Ipo inayopunguza hatari, na ipo inayopunguza kusikia hatari. Kwa anayekingwa, zote mbili zina ladha moja. Anasikia nafuu. Tofauti haionekani kwenye kifua chake, inaonekana kwenye gurudumu.

Mtu anaweza kunijibu: basi ni shauri yake. Ni mtu mzima, ni pikipiki yake, ni shingo yake. Ningekubali, kama angekuwa peke yake. Siku ya mjadala alikuwepo mama mmoja anayeuza mboga, mwenye kupanda moto karibu kila asubuhi. Alisikiliza mambo ya bering na mishale mpaka akachoka. Akasema: "Munasema upepo, munasema fremu. Mimi njo nakaa nyuma. Nani ameniuliza?"

Kijana akamjibu kwa heshima: "Mama, ukishapanda si umekubali?"

Mama akasema: "Nilikubali pikipiki niliyoiona jana."

Sijasoma falsafa shuleni zaidi ya ile kidogo ya sekondari, lakini nadhani mama alisema jambo ambalo vitabu vinalisema kwa kurasa nyingi. Kukubali ni kukubali kitu unachokijua. Abiria anapanga bei, anaangalia kama motari amelewa, anaangalia tairi akiweza, anapanda. Hapo amekubali hatari anayoiona, kwa sababu lazima afike sokoni. Lakini hajakubali hatari iliyofunikwa. Tena yeye wa nyuma ndiye wa mwisho kujua. Mbele yake kuna mgongo wa mtu. Upepo wa kifua haumfikii. Ngao fupi ikikata upepo vibaya, upepo ule uliovurugika unapita juu ya motari na kumpiga yeye kichwani, na mara nyingi hata kaske hana. Raha imekaa mbele, bei inalipwa nyuma.

Hapa ndipo nasimama mimi: anayembeba mtu hana haki ya kununua nafuu yake kwa hatari ya anayebebwa bila kumwambia. Hata kama nafuu hiyo ni halali. Hata kama amechoka kweli. Uchovu wake unampa haki ya kupumzika, unampa haki ya kutafuta ngao, unampa haki ya kupandisha bei kidogo siku ya mvua. Haumpi haki ya kuamua peke yake juu ya shingo ya mama wa mboga.

Lakini nisiishie kumlaumu kijana wa pikipiki, maana yeye ni mdogo katika mambo haya. Wengi wetu tunabebwa. Anayeishi kambini Musasa au Kavumu au Bwagiriza anajua maana ya kukaa nyuma ya mgongo wa mtu bila kuona barabara. Na sisi wafanyakazi wa vijana, pamoja na nyinyi wa mashirika, kila siku tunafunga ngao kwenye maisha ya watu wengine. Kwa hiyo swali la yule fundi linatuhusu: tunaifunga wapi?

Kuna msaada unaofungwa kwenye fremu. Hati ya utambulisho, chanjo ya mtoto, darasa, maji karibu, ufundi ambao mtu akihama anahama nao mkononi. Upepo ukipiga, unasukuma maisha yote kwa pamoja, na mwenyewe bado anashika usukani. Na kuna msaada unaofungwa kwenye usukani. Kijana anataka kujifunza umeme, lakini mwaka huu kuna mradi wa ushonaji, basi anashona. Mwaka unaofuata kuna mradi wa sabuni, basi anachemsha sabuni. Kila mradi una nia njema, na kila mradi unamkinga na njaa kwa miezi kadhaa. Ila kila upepo unaotoka mbali, huko kwenye ofisi asikokujua, unamgeuza yeye kwanza. Ukimwuliza anakwenda wapi, anakuangalia. Si kwamba hana akili. Ni kwamba usukani wake umebeba ngao nyingi mno.

Na kuna ile spidometa ya upepo. Familia ikizoea kwamba mgawo unakuja, na hakuna anayeiambia mapema kwamba mwezi ujao utapungua, hiyo ni ngao iliyoua kelele tu. Siku plastiki inapasuka, upepo wote unaingia kwa mara moja, nao walikuwa wanakwenda kwa mwendo wa watu waliotulia. Habari mbaya iliyosemwa mapema ni upepo kidogo usoni. Unaumiza macho, lakini unakusaidia kupunguza mwendo wakati bado breki zinatosha. Kumnyima mtu habari eti asiogope ni kumfanyia alichofanyiwa yule mama: kumpandisha kwenye pikipiki ambayo si ya jana.

Nasikia mtu akisema: wewe unaongea kama mwenye chaguo. Anayezama haulizi rangi ya kamba. Ni kweli. Wakati wa dharura, mkingie mtu kwanza, maelezo baadaye. Waliovuka mto Ruzizi usiku mwanzoni mwa 2025 hawakuhitaji semina. Lakini dharura ina mwisho. Kambi nyingine zetu zina umri wa kupiga kura. Mtu akikaa miaka 15 mahali, hawezi kuendelea kutendewa kama aliyefika jana usiku na maji yanamdondoka. Kinga ya siku ya kwanza, ikibaki vilevile miaka yote, inakuwa kitu kingine.

Na kinga isiyoulizwa haiwi nzuri kwa kuwa aliyeifunga ana roho nzuri. Yule kijana ana roho nzuri kabisa. Upepo wa pembeni hauulizi roho ya mtu.

Sitaki kumaliza kwa maneno matupu, kwa sababu wapo wamotari wanaosoma gazeti hili, na wanataka kujua la kufanya. Basi haya ndiyo aliyosema fundi, nayaandika kama nilivyoyaelewa. Kabla ya ngao, tibu pikipiki. Inua gurudumu la mbele, zungusha usukani taratibu. Ukisikia unakwama kidogo pale katikati, bering zimekwisha. Shika foki kwa chini, vuta na sukuma. Kukiwa na mchezo, usifunge kitu chochote bado. Shika gurudumu la nyuma, lisukume kushoto na kulia, usikie bushi. Gonga spoku moja moja, iliyolegea ina sauti ya uvivu. Angalia tairi na upepo wake.

Kisha ngao iwe ndogo na nyembamba, ishikwe kwenye fremu kwa sehemu nne, chini kadiri inavyowezekana. Zungusha usukani mpaka mwisho pande zote mbili, usiguse plastiki wala waya. Jaribu peke yako, bila abiria, kilomita 30, halafu 40, halafu 50, mahali pasipo na watu, siku isiyo na upepo mwingi. Usukani ukianza kutetemeka, usibane kwa nguvu na usikanyage breki kwa hofu. Rudisha mafuta polepole, inama mbele, acha mwendo ushuke wenyewe. Kisha rudi nyumbani uifungue hiyo ngao, utafute chanzo.

Na ikikubali, bado kuna kazi moja. Spidometa yako ya upepo imekufa, kwa hiyo tengeneza ile ya sindano, au jiwekee mwendo ambao huuvuki hata kifua kikiwa kimetulia. Halafu abiria akija, mwambie. Maneno machache yanatosha: nimefunga kitu kipya, kwenye upepo nitakwenda polepole, ukisikia pikipiki inayumba nigonge bega nitapunguza. Wengine watapanda, wengine watatafuta motari mwingine. Utapoteza pesa ya safari moja au mbili. Lakini atakayepanda atakuwa amekubali kweli, na mkono wake begani mwako utakuwa unakuongezea macho mawili.

Wenye ofisi, wenye miradi, sisi wenye vikundi vya vijana, tungeweza kusema maneno hayohayo kwa tunaowabeba. Hayahitaji bajeti. Yanahitaji tukubali kugongwa bega.